Nilipoirusha floti ya mdosi

Kibanda kilikuwa na upana wa hatua mbili. Kaunta ya mbao, wavu wa chuma, kitabu cha kumbukumbu chenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, droo ya keshi, na stuli isiyo na mgongo. Niliketi hapo miaka miwili na nusu, kwenye barabara ya kuingia Kaptembwo hapa Nakuru, nikiwawekea watu pesa na kuwatolea. Ukitaka kujua mtaa unavyoishi usiende kwa chifu, nenda kwa wakala wa M-Pesa. Nilijua nani kalipwa na nani kafutwa kazi. Nilijua nani anatuma nyumbani Busia kila tarehe 5, na nani ameacha kutuma.

Wanaobeti niliwajua pia, maana hawajifichi. Jumamosi mchana, kabla ya mechi za Uingereza kuanza, vijana wa boda walipanga foleni. "Siste, niwekee hamsini." Ni hamsini kwa sababu wakala haweki chini ya hapo. Pesa ikishaingia haondoki. Anaegemea ukuta wangu, kidole gumba kinatembea kwenye kioo, anapiga mluzi. Robo saa haijaisha amerudi: "Niongezee hamsini nyingine." Akipata 300 anakuja kuzitoa usiku huohuo, anakatwa 29 za kutoa, na anacheka kama mtu aliyeokota pesa njiani.

Kuna utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 uliosema kwamba katika kila vijana 100 waliohojiwa Kenya, 76 walikuwa wamewahi kucheza kamari. Watu wengi walishtuka. Mtu aliyekaa dirishani kama mimi hakushtuka hata kidogo.

Niliwacheka wale vijana. Naomba ukumbuke hilo unaposoma yanayofuata, kwa sababu anayecheka wengine huwa hajioni akiingia.

Mimi sikuingilia kwa mpira, sijui hata nani anachezea nani. Niliingilia kwa mchezo wa ndege. Januari 2024, kijana mmoja muosha magari aliniwekea simu yake kwenye kaunta akaniambia, "Angalia tu." Kandege kekundu kanapaa kwenye kioo cheusi, na namba inapanda nako: mara 1.20, mara 1.75, mara 2.40. Ukibonyeza kabla hakajatoweka, dau lako linazidishwa kwa namba hiyo. Kakitoweka kabla hujabonyeza, umeenda nako. Raundi nzima ni sekunde chache, kisha kengine kanapaa. Hakuna kungoja dakika 90, hakuna refa wa kulaumu.

Usiku ule niliweka 200 zangu, na kufika saa nne nilikuwa na 1,640. Nilijaza mtungi wa gesi, nikanunua chapati sita na nyama, nikamwita jirani tukala. Watu wakiniuliza ni hasara ipi iliyoniharibia maisha, huwa nawaambia ni ile gesi. Ningepoteza zile 200 siku ya kwanza, ningetukana kidogo nikarudi kwa kitabu changu. Hasara ilikuja baadaye ikanikuta nimeshaamini kwamba mkono wangu una kipaji. Kwa hiyo ukimwona mdogo wako anasherehekea ushindi wake wa kwanza, usimpongeze hata kama amekununulia soda. Hapo ndipo pa kukaa naye chini, kabla hajaanza kulia, kwa sababu akishaanza kulia atakuwa anafukuzia.

Kufukuzia ndilo neno letu. Umepoteza 500, unaweka 1,000 ili urudishe ile 500 halafu uache. Nia yako ni safi kabisa: unataka kuacha, ila uache ukiwa umerudisha. Miezi 11 yote nilikuwa mtu anayeacha kesho.

Sasa kuhusu floti. Kwa asiyeifahamu kazi hii, wakala ana mafungu mawili. Floti ni pesa iliyo ndani ya laini ya kazi, keshi ni iliyo kwenye droo, na ukijumlisha lazima upate mtaji. Wetu ulikuwa 80,000. Mteja akiweka, floti inashuka na keshi inapanda. Akitoa, kinyume chake. Jioni mdosi wangu, mama mwenye vibanda vitatu, alikuwa akipiga simu na kuuliza maneno manne tu: "Floti ngapi, keshi ngapi?" Nami nilimsomea. Hakuwahi kuja kuhesabu. Aliniamini, na kuaminiwa na mtu wa namna hiyo kunatakiwa kuwe mzigo mzito kuliko ulivyokuwa kwangu.

Jioni moja ya Novemba mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba mteja alilazimika kupaza sauti ili nimsikie. Wateja wakaisha mapema. Nilikuwa na 340 zangu, zikaisha kwa dakika nne. Nikajiwekea 2,000 kutoka laini ya kazi. Ujumbe wa kuthibitisha shilingi 2,000 ukaingia. Floti ilishuka, lakini keshi haikupanda. Nikaandika kwenye kitabu tarehe, kiasi, na namba ya kitambulisho niliyoitunga, nikatia sahihi ya kuchora-chora. Mkono haukutetemeka. Nilijiambia ni dakika kumi tu, nitazirudisha kabla mdosi hajapiga. Kandege kakatoweka kwenye 1.02. Kengine 1.31, nilikuwa nangojea 2. Kengine kakapaa hadi 18 na mimi nilishabonyeza kwenye 1.5 kwa uoga. Basi hilo la 18 likanichoma kuliko yote: nikaona niko karibu, niongeze. Nikajiwekea 3,000. Kisha 4,000, kisha nyingine tena. Simu niliishika chini ya kaunta, juu ya magoti, ili mtu akipita asione. Mdosi alipopiga saa mbili kasoro, zilikuwa zimepungua 14,300.

Mshahara wangu ulikuwa 10,000 kwa mwezi.

Nikamwambia kuna mteja aliyewekewa pesa akaondoka bila kulipa, kwenye ile rabsha ya mvua. Akauliza nani. Nami, bila kufikiri, nikamtaja mzee anayechoma mahindi ng'ambo ya barabara. Mzee aliyekuwa akija kila siku kutoa 300 za kununulia mahindi, ambaye hakuwahi kuwa na 14,300 mkononi mwake kwa wakati mmoja tangu nimjue. Asubuhi mdosi alimwendea mbele ya watu. Nilimsikia mzee akisema, "Mama, mimi? Mimi?" mara mbili hivyo. Nilikuwa nafuta kaunta na kitambaa kikavu, naifuta mahali palepale.

Nilikiri siku ya tatu. Mdosi hakunipeleka polisi, alinifuta kazi, tukaandikiana kwenye karatasi kwamba nitalipa 2,000 kila mwezi. Nimemaliza kulipa.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu ushauri mwingi kuhusu kamari unahusu pesa, eti utafilisika. Kijana asiye na kitu haogopi kufilisika. Mimi nilianza kudanganya mapema sana, pesa zingalipo: nilidanganya kuhusu betri ya simu, kuhusu bando, kuhusu kwa nini sikutuma mchango wa mazishi ya shangazi. Ukitaka kujua kama unacheza kujifurahisha ama umeshikwa, achana na hesabu ya pesa kwanza. Jiulize mara ya mwisho ulimdanganya nani, na kuhusu nini.

Hesabu ya pesa inafuata, na usiitegemee kumbukumbu yako. Kumbukumbu ya mcheza kamari hukumbuka gesi tu. Piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako ya M-Pesa, itumwe kwa barua pepe, halafu ukae na kalamu. Mimi nilikaa na dada yangu, kwake kule Njoro, yeye anasoma, mimi naandika. Miezi 11: zilizoenda 163,400, zilizorudi 88,150. Zilizopotea 75,250. Dada alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kuhusu saa. Ilikuwa imeandikwa: 02:14, 02:19, 02:31. "Wewe ulikuwa unalala lini?"

Kabla hujaniambia kwamba wewe unatumia akili na mimi nilibahatisha, tufanye hesabu pamoja. Michezo ya aina hii ya ndege hujitangaza kwamba katika kila shilingi 100 hurudisha 97. Inaonekana ni huruma. Lakini zile 97 unazirusha tena, zinakatwa 3 kwa mia, na tena. Chukua 1,000, zirushe zote mara 50, na wastani utakaobaki nao ni kama 218. Raundi 50 hazifiki hata saa moja. Juu ya hapo, tangu Julai 2025 serikali inakata asilimia 5 unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 unapozitoa. Peleka elfu moja, zitoe bila kugusa mchezo wowote, utarudi na kama 900 hivi. Umelipa mia kwa kutembeza pesa zako.

Wa jakpoti nao. Mechi 17, kila moja ina majibu matatu: wa nyumbani, sare, mgeni. Andika 3 mara 17 uzizidishe zote pamoja, utapata mikeka, yaani orodha tofauti za ubashiri, 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, pamoja na watoto wachanga. Kila mmoja wetu akijaza mikeka miwili isiyofanana na ya mwingine yeyote, bado kuna mikeka zaidi ya milioni 34 ambayo haijaguswa, na ule wa kweli unaweza kuwa humo. Najua utanijibu kwamba timu hazilingani, kwamba anayejua mpira haokoti gizani. Kweli. Ila kampuni nayo inajua mpira, na ndiyo iliyochagua mechi. Najua pia utanikumbusha yule kijana wa miaka 28 aliyeshinda zaidi ya milioni 221 mwaka 2017. Ni kweli alishinda, na jina lake lilitajwa redioni hadi watoto wakalijua. Wangelitaja na jina la kila aliyekosa wikendi ile, matangazo yangekuwa bado yanaendelea hadi leo.

Kuna wanaouza "mechi za uhakika" Telegram, nao niliwawekea pesa zao. Ujanja wao si mgumu. Mtu ana wateja 90. Thelathini anawaambia nyumbani, thelathini sare, thelathini mgeni. Jioni kuna 30 wanaomwona nabii, na kesho atawauzia hao kwa bei ya juu. Kama angekuwa na mechi ya uhakika kweli, sioni kwa nini angehitaji mia mbili zako.

Basi unaachaje? Kwangu kuapa hakukufanya kazi. Niliapa kwenye kesha la mwaka mpya, niliapa kwa jina la mama, nikafuta programu kwenye simu nikairudisha kabla ya chai kuiva. Kufuta programu ni bure tu, tovuti iko palepale na namba ya siri iko kichwani. Sijawahi kumwona mtu aliyeacha kwa kuapa, na nimewaona wengi wakiapa dirishani kwangu.

Kilichonisaidia ni umbali. Niliweka safari kati ya mkono wangu na pesa. Laini yangu ya M-Pesa nilimwachia dada kule Njoro, na namba ya siri akaibadilisha yeye. Nikanunua kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo; unaweza kubeti mpira kwa ujumbe mfupi kwenye kabambe, lakini kandege hakapai humo, na ugonjwa wangu ulikuwa kandege. Jua ugonjwa wako ni upi. Kampuni nyingi zina sehemu ya kujifungia akaunti, niliitumia, ingawa nilijua ziko nyingine kumi zitakazonipokea kwa bonasi ya kukaribisha. Halafu nikatafuta kazi ya keshi: mayai pasua na smoki, zile soseji za toroli, karibu na stendi ya matatu. Sarafu kwenye mkebe. Nikitaka kubeti nifunge toroli, nitembee hadi kwa wakala, nipange foleni, nimtazame machoni yule msichana aliyechukua stuli yangu. Mara mbili nilifika hadi kwenye foleni. Mara zote mbili nilirudi, sio kwa ushujaa, bali kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mayai yangeibiwa.

Mtu akiniuliza nini kiliniokoa, siwezi kusema uongo tena: foleni.

Masikio nayo yanahitaji umbali. Mwishoni mwa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Mwezi ule niliuza mayai bila kusikia redio ya fundi viatu ikinipigia kelele za mamilioni kila baada ya wimbo, na nikagundua kwamba kwa siku nzima nzima sikuwa nimewaza. Yaliporudi nilihamia upande wa pili wa stendi. Tuliambiwa sheria ya zamani ya kamari ni ya mwaka 1966, na mpya ikatiwa saini Agosti 2025. Mimi nangoja matunda yake kwa hamu, lakini toroli nimeshahamisha.

Kwa mzazi, kaka, ama mke anayesoma hapa, yangu ni machache. Kwanza, usilipe deni kwa kumpa yeye pesa. Kaka yangu alinionea huruma akanitumia pesa zote nimlipe mdosi kwa mkupuo. Alituma saa tatu usiku. Nilikuwa na nia ya kupeleka asubuhi, nakuapia, nilishapanga hata nguo. Saa kumi alfajiri zilikuwa zimebaki 60. Hili sikulieleza pale juu kwa sababu ya aibu. Ukitaka kusaidia, nenda mwenyewe kwa anayedai, mlipe mkononi, chukua karatasi. Madeni ya simu ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu mcheza kamari hakopi ili ale. Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, ikijifungua tu anaiona kama mshahara. Zile programu za mikopo nazo zinadai hadi roho, mtu anakopa ya pili kulipa ya kwanza, na katikati anapitia kwa kandege kujaribu kuzizidisha.

Pili, usimwache akae na pesa za chama, hata kama ndiye mweka hazina bora mliyewahi kuwa naye. Mimi nilikuwa bora. Vitabu vyangu vilikuwa safi sana.

Na usimpigie kelele siku atakayokuambia. Uliza kiasi, uandike, unyamaze. Dada yangu aliponyamaza juu ya ile taarifa ndipo nilipomwambia habari ya mzee wa mahindi. Angeanza kunihubiria, ningempa jumla pungufu, na sasa hivi ningekuwa bado nalipa hiyo tofauti kwa siri.

Kwa mzee mwenyewe nilichelewa kwenda. Mdosi alimwomba radhi siku niliyokiri, lakini mimi nilipita upande mwingine wa barabara miezi mitano, hata mvua ikiwa kubwa. Nilipokwenda, jiko lilikuwa limeiva na hapakuwa na mteja. Nikamsalimia shikamoo, nikaanza maneno niliyoyapanga. Akanisikiliza akigeuza mahindi, moja, moja, kwa vidole vyake vile visivyosikia moto.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Nilikuwa nakuona kutoka hapa. Kila usiku. Kibanda giza, kichwa umeinamisha, na uso wako unawaka na kuzima, unawaka na kuzima, kama indiketa ya gari."

Akanichagulia hindi, akalipaka ndimu na pilipili, akalifunga kwa ganda lake. Nikampa 50. Akatafuta chenji mfukoni, akaihesabu mbele yangu sarafu moja baada ya nyingine, kwa sauti, hadi ikatimia.